Mashini haina fasi ya CD, sasa Windows itapitia wapi?

Mwezi huu nilifungua barua zenu nikajiuliza kama mulikaa pamoja mukapatana, ju karibu zote zinalia kilio kimoja: laptopu ya okazio, ya siku mingi, haina fasi ya kuingiza CD, sistemu imekufa, na fundi anasema bila CD hakuna kazi. Nimechagua tano. Ya kwanza jibu lake ni refu sababu ndani kuko mambo yenye itasaidia wote, zile zingine nitazipitia mbio mbio, musinikasirikie.

Swali la kwanza

«Yaya jambo sana. Niko mwanafunzi pale Kasapa, ninakaa Katuba kwa mukubwa wangu. Mwaka jana nilinunua Acer Aspire One kwa jamaa mwenye alikuwa anasafiri, ni ile kadogo ya inchi 8,9, ndani iko Atom N270, RAM giga 1, disiki giga 160. Ilikuwa na Windows 7. Siku moja umeme ukakatika nikiwa mu kazi, na batri yake ilishakufa zamani, basi tangu siku ile inawaka, inaonyesha alama ya Acer, kisha ekrani nyeusi na kamustari kanacheza tu. Nikaipeleka kwa depanere, akasema mpaka alete lekteri ya CD ya inje, ataomba dola 25, na mashini yenyewe niliinunua dola 40! Rafiki akanipa faili ya Windows 10, nikaikopia mu kle ya USB (flashi), nikaichomeka, mashini haikujua hata kama kuko kitu. TFC yangu, ile kazi ya kumaliza masomo, nusu iko ndani ya ile disiki yaya. Nifanye nini?»
— Mwenye kulia, Katuba

Mudogo wangu pole. Kwanza usiguse kitu. Tuanze na TFC, ju Windows inapatikana kila kona ya Lubumbashi lakini TFC yako iko fasi moja tu. Mtu yeyote mwenye atakuambia «ngoja niformati kwanza, halafu tutaona», munyanganye mashini mu mikono. Sistemu ikikufa makaratasi hayakufi nayo, yanabaki pale pale mu disiki, mara mingi chenye kimevunjika ni kale kapande kadogo kanaamsha Windows, na umeme ukikatika batri haiko hiyo inatokeaka. Kwa hiyo tutaamsha mashini kwa kle, Windows yako ikiwa imelala, tutafungua disiki kama mtu anafungua kabati la marehemu, tutatoa TFC, halafu njo tutaongea habari ya sistemu mpya.

Sasa habari ya CD. Acer yako ilizaliwa bila ile fasi. Mwaka 2007 Asus walitoa Eee PC ya inchi 7, ndogo kama kitabu cha shule, CD hakuna. Januari 2008 Apple wakaonyesha MacBook Air, vile vile CD hakuna, na mwaka huo huo Acer wakaleta hii Aspire One na hii Atom N270. Unafikiri wale watu walitengeneza mashini kisha wakasahau namna ya kuiwekea sistemu? Mashini ikiwaka, BIOS, ile programu ndogo yenye inaamka mbele ya sistemu, inapita inabisha hodi mlango kwa mlango: disiki, kle, lekteri kama iko, kamba ya rezo (mtandao). Mlango wenye utajibu wa kwanza njo inaingia. CD ulikuwa mlango mmoja tu, na ni ule wenye kuzeeka mbele ya yote.

Basi kwa nini kle yako haikujibu? Ju uliikopia ile faili. Faili ya ISO ni mfuko umeshonwa mdomo, vitu vyote vya sistemu viko ndani. Ukiikopia vile ilivyo ni sawa na mtu anachukua mfuko wa mahindi anauweka mzima ndani ya chungu, anakaa pembeni anangoja bukari. Lazima ipite kwanza kwa kinu. Kinu chenyewe ni programu inaitwa Rufus, ni ya bure, mega chache tu, haiombi hata kuinstaliwa, unaibonyeza inafunguka. Nenda kwa rafiki au kwa siba (siberkafe) yenye wanakuacha ufanye kazi yako, na ujue kama mashini yao ingali na Windows 7 basi Rufus za leo hazitafunguka, tafuta ile ya 3.22, ndiyo ya mwisho yenye inakubali Windows 7. Na kle yote itafutwa, toa picha zako za harusi ndani mbele ya kuanza, kila mwaka kuna mtu ananiandikia ya picha za harusi.

Mbele ya kuandika kle tuulizane: unaandika sistemu gani? Hapa njo watu wengi wanapoteza forfe zao (mega za intaneti). N270, ule ubongo wa mashini yako, ni ya biti 32 peke yake. Ile Windows 10 ya rafiki yako kama ni ya biti 64, hata uiandike vizuri namna gani mashini itakataa. Windows 10 ya biti 32 ipo, na kwa karatasi za Microsoft RAM giga 1 inatosha, lakini «inatosha» yao na «inatosha» yetu si moja, utabonyeza Word uende ununue sombe sokoni urudi bado inafunguka. Tena Microsoft walishaacha kuitunza tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 7 yenyewe waliiacha 14 Januari 2020, na hata Chrome ilisimama kwayo, mwisho ni 109. Windows 11 usiitaje hata kwa utani, inaomba RAM giga 4, na TPM 2.0 (kachipu ka usalama), na biti 64.

Miye kwa mashini yako ningeweka antiX ya biti 32. Ni Linux nyepesi (Linux ni sistemu ya bure, inakaa fasi ya Windows), ilitengenezwa kwa wazee kama huyo wako. Kama unapenda Debian, Linux ingine, chukua Debian 12, usikimbilie ile mpya, ju Debian 13 ya Agosti 2025 iliondoa instalere ya biti 32. Ubuntu waliacha kutoa ISO za biti 32 tangu 2017, kwa hiyo mtu akikuletea Ubuntu ya sasa mushukuru, mpe maji, lakini usiipoteze siku yako nayo.

Haya. Chomeka kle, fungua Rufus, muonyeshe kle, muonyeshe ISO ya antiX, pale anauliza aina ya kugawa disiki chagua MBR, ju mashini yako ni ya BIOS ya kale, haijui UEFI, ile yenye ilichukua fasi ya BIOS, ni nini. Bonyeza aanze. Kisha kwa Acer yako, washa na ubonyeze F2 mara mingi mpaka BIOS itokee, humo tafuta mstari wa F12 Boot Menu. Kwa Acer nyingi huo mstari unakuwaka umezimwa na watu wanapiga F12 mpaka vidole vinauma, hakuna kitu kinatokea, wanasema mashini imelogwa. Uweke kwa Enabled, hifadhi kwa F10, iache ianze tena, sasa piga F12, chagua kle yako. (Wenye HP: Esc kisha F9. Dell na Toshiba: F12. Asus nyingi: Esc. Lenovo ThinkPad: F12, na zile IdeaPad ziko na katundu kadogo pembeni, unakabonyeza na sindano au kijiti mashini ikiwa imezimwa.)

Ikikataa kuona kle, badilisha tundu, ziko mbili tatu. Halafu badilisha kle, BIOS za miaka ile zingine zinachagua kle kama mtoto anachagua chakula, kle ya zamani ya giga 4 inakubaliwa na mpya ya giga 64 inakataliwa.

antiX itafunguka moja kwa moja kutoka kwa kle, disiki bado haijaguswa. Ikikuomba jina andika demo, na modepasi (neno la siri) ni demo vile vile. Fungua pale pa mafaili, utaona disiki ya giga 160, ingia Users, kisha jina lako, kisha Documents. Ikikuambia disiki ni ya kusoma tu usishituke, Windows haikuzimwa vizuri siku ile umeme ulikatika, na sisi tunataka kusoma tu. Chomeka kle ya pili, TFC inaenda huko. Kisha usiamini, fungua hiyo TFC kutoka kwa kle ya pili, shuka mpaka ukurasa wa mwisho wenye uliandika, uone kwa macho. Na kama wakati wa kukopia disiki inalia tik tik tik au faili moja inachukua dakika 10, jua shida haikuwa Windows, disiki yenyewe inaaga. Hapo toa TFC kwanza, mengine baadaye, na usiweke sistemu mpya juu ya disiki yenye kuaga, tafuta ingine ya inchi 2,5 ya SATA.

TFC ikishatoka, sasa instale. Kwa ekrani yako ndogo utakutana na kitu kimoja chenye kilinipotezea jioni nzima siku yangu: madirisha mengine ni marefu kuliko ekrani, kitufe cha «endelea» kinabaki chini, hukioni. Shika Alt kwa klavye (kibodi), kokota dirisha na suri (mausi) kuelekea juu, kitufe kitatokea. Usianze kama umeme wa kwenu uko ule wa kuenda na kurudi na batri imekufa. Ngoja saa zenye umeme unatulia, au nenda kwa mtu mwenye ondulere (ile inashika umeme ukikatika), ni karibu nusu saa hivi, kwa disiki ya zamani inaweza kuongezeka. Umeme ukikatika pale katikati mashini haivunjiki, utaanza tu upya, lakini kama ulikuwa unapunguza Windows ili zikae mbili kwa disiki moja, pale njo unaweza kupoteza vyote viwili. Miye nakuambia weka moja tu.

Video za intaneti usitumainie na N270. Kuandika TFC na LibreOffice (ndugu ya bure ya Word), kusoma PDF, kutuma mail, utafanya.

Na kwa depanere: si mwizi, kazi yake ni kazi, kama unaogopa kufanya mwenyewe mlipe akufanyie. Lakini lekteri ya CD asikuhesabie, haihitajiki hapa.

Swali la pili

«Yaya, niko na shida yenye hata wazee wa kanisa hawaielewi. Nilijiwekea Linux Mint mwenyewe kwa kle, bila CD, nikafurahi. Modepasi niliweka mazembe2010. Asubuhi nikiwasha inanikubali vizuri. Nikienda kula, nikirudi ekrani imejifunga, ninaandika ile ile mazembe2010, inanikatalia! Nikizima nikiwasha tena inanikubali. Mashini ilikuja kutoka Ubelgiji. Ni virusi?»
— Kijana wa Kampemba

Hii barua niliipenda kuliko zote, nimeisoma mara tatu nikicheka peke yangu ofisini. Si virusi, ni klavye.

Mashini za Ubelgiji na Ufaransa ziko na klavye ya AZERTY, na hapa kwetu zimejaa. Wakati wa kuinstale, kuko ukurasa unauliza klavye gani, wewe uliupita mbio mbio, ikabaki ya Kiingereza, QWERTY. Ukaandika modepasi, na kwa modepasi unaona vidonge vyeusi tu, hauoni herufi. Sasa angalia kidole chako kilifanya nini: ulibonyeza M, lakini kwa QWERTY pale ni nukta-mkato. Ulibonyeza A ikatoka q. Z ikatoka w. Namba kwa AZERTY lazima ushike Shift, na kwa QWERTY Shift na 2 ni @, na 0 ni ), na 1 ni !. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza modepasi yako haikuwa mazembe2010, ilikuwa ;qwe;be@)!) na haukujua!

Siku moja wewe ama rafiki akaingia mu mipangilio akaweka klavye ya Kifaransa, ju mulichoka kutafuta herufi. Lakini ile mipangilio ni ya nyumba yako tu, mlango mkubwa wa kuingilia asubuhi ungali QWERTY, kwa hiyo vidole vyako vinaandika ile ile ya makosa na mlango unafunguka. Ekrani ikijifunga mchana, ile kufuli inatumia klavye yako ya Kifaransa, vidole vinaandika mazembe2010 ya kweli, na mashini inasema huyu simujui.

Kwa kupona: ingia asubuhi kama kawaida, fungua terminali (dirisha la kuandika amri), andika sudo dpkg-reconfigure keyboard-configuration, itakuomba modepasi, na hapo sasa uiandike vile inajulikana, ;qwe;be@)!), herufi kwa herufi. Chagua klavye ya Ubelgiji au ya Ufaransa, sawasawa na herufi zenye zimeandikwa kwa vitufe vyako, hizo mbili hazifanani kwa alama zote. Kisha andika passwd, uweke modepasi mpya. Mbele ya kuiweka fungua karatasi yoyote ya kuandikia, iandike pale kwanza uione kwa macho, halafu uifute.

Kwa wale wote wenye wanaanza, ujanja wangu wa miaka mingi: siku ya kuinstale weka modepasi yenye haina a, q, z, w, m, wala namba. Hizo herufi njo zinahamahama, zingine zimetulia pande zote mbili. Nilitafuta majina ya kwetu, Lubumbashi haifai iko na m na a, Upemba haifai, bukari haifai, sombe haifai. Kundelungu inafaa! Lakini sasa nimeitaja kwa jarida, tafuteni zenu.

Tena hata mu BIOS ni vile vile, kule klavye ni QWERTY siku zote karibu. Ikikuuliza ubonyeze Y au N hakuna shida, hizo hazihami. Ila kama uliweka modepasi ya BIOS, kumbuka hii hadithi ya Mazembe.

Swali la tatu

«Bwana ama Mama mwandishi, niko mama wa sekretaria hapa Kamalondo, ninachapa na kuprinti TFC za watoto. Nilinunua HP ya pili, haina CD. Nataka Windows 7 sababu printa yangu ya zamani inajua hiyo tu. Kijana aliiweka mu kle na Rufus, inaanza vizuri, nachagua lugha, kisha inaniambia kunakosa drayva ya CD/DVD. CD yenyewe sina, drayva ya nini?»
— Mama wa sekretaria

Mama shikamoo. Drayva ni kale kaprogramu kanafundisha Windows kutumia kifaa. Kijana wako alifanya vizuri, na ule ujumbe unadanganya watu tangu zamani. Windows 7 ilitoka 2009, haijui USB 3.0. Mashini inaanza kwa nguvu za BIOS, BIOS inaijua kle, lakini Windows ikishachukua usukani inageuka nyuma kutafuta kle yake haiioni, na kwa kuwa haijui iite nini kile chenye kimepotea inasema CD. Angalia matundu ya USB, yale ya rangi ya buluu ndani ni 3.0. Toa kle, ichomeke mu tundu jeusi, anza upya. Kama yote ni buluu, mwambie kijana aingie BIOS atafute mstari wa xHCI au USB 3.0 auzime wakati wa kuinstale. Ikiendelea kusema vile, basi ISO yenyewe iliharibika wakati wa kupakua, wengi wanazipata kwa mtu wa tatu ambaye naye alizipata kwa mtu wa tano.

Ila mama nikuambie kama mtoto wako: sekretaria ni fasi ya hatari, kila mwanafunzi anakuja na kle yake na virusi vyake, na Windows 7 haina tena mwenye kuilinda tangu 2020. Weka hiyo Windows 7 kwa mashini ya printa tu, usiipe intaneti. Hiyo HP ingine kama iko na RAM giga 4, Linux Mint inakaa vizuri, virusi vingi vya kwa kle havitaiweza. Sitakudanganya, LibreOffice inafungua Word lakini kurasa zinaweza kusogea, kichwa cha habari kikaanguka chini ya ukurasa, na mwanafunzi atakugombeza wewe. Waambie walete PDF kwa kuprinti. Kuchapa mpya, ukianza na kumaliza mu LibreOffice, hakuna shida.

Swali la nne

«Yaya, nilinunua kle ya tera 2 njiani kwa bei ya soda chache, Rufus inamaliza vizuri, lakini instale inavunjika kila mara katikati, kila mara fasi tofauti. Mashini imechoka?»
— Baba wa Ruashi

Baba, tera 2 kwa bei ya soda haipo. Ndani ni giga 8 au 16 zenye zimefundishwa kusema uongo. Ikijaa inaendelea kujibu «ndiyo, nimeweka» na haiweki kitu. Pakua H2testw, ya bure, inaandika kle yote kisha inasoma tena, itakuambia ukweli wake. Itachukua masaa mingi, hata zaidi ya usiku mmoja, na kama hauna subira nunua tu giga 16 ya duka lenye unaweza kurudi. Na wewe ambaye kle yako ilikuwa nzuri lakini nyuma ya kuandika Linux Windows inaonyesha mega chache na inaomba kuformati, hiyo haijafa, fungua Rufus, chagua isiwe ya kudemare (kuamsha mashini), iformati, ukubwa wake utarudi.

Swali la tano

«Yaya habari. Watu wote unawaambia waende kwa mashini ya rafiki. Miye rafiki mwenye mashini sina, niko na telefoni ya Android tu na hii Toshiba yenye haina sistemu. Nikae hivyo?»
— Dada wa Bel-Air

Dada umenikamata kweli. Telefoni inatosha. Tafuta kale kakamba kadogo ka OTG, kale kanaingia mu telefoni upande mmoja na kle upande mwingine, kwa wale wauza vitu vya telefoni utakapata. Kisha weka programu inaitwa EtchDroid, haiombi kuvunja telefoni. Pakua ISO ya Linux, Mint ni karibu giga 3 kwa hiyo fanya hesabu ya forfe au subiri wifi ya mtu, muonyeshe kle, iandike. Telefoni iwe na chaji nyingi na usiishike shike, kle ikitikisika kidogo kazi inaanza upya. ISO za Windows EtchDroid haiziwezi, hizo zimefungwa kwa namna ingine. Ukishapata Linux mu Toshiba, kama roho bado inataka Windows utaiandikia kle kutoka pale.

Ukianza usiku huu, angalia kwanza tarehe mu BIOS. Kama Toshiba imekaa bila kuwashwa siku mingi, basi ile batri kadogo ya sarafu, CR2032, pengine imekufa, na mashini inaamini tuko 2009. Linux itaingia, lakini ukitaka kuongeza programu itasema vyeti vya tovuti havijafika siku zake, na utafikiri intaneti yako ni mbaya, utanunua forfe ingine bure. Rekebisha tarehe, hifadhi, endelea. Na kama kesho yake mashini imesahau tena tarehe, ni kale kabatri, fundi wa saa pia anakauzaka, ila kwa laptopu zingine kamefungwa na nyaya ndani ya plastiki, kwa hiyo fungua uone kako namna gani mbele ya kukanunua.